Kisiwa Kimo Birikani

Fundi wa mtaa wetu huja na mfuko wenye bisibisi, nyundo na patasi. Bisibisi ni ya kufungulia hita ya maji. Nyundo na patasi ndizo za kuitengeneza. Ukimwona anapita uani na vyuma vikigongana, utadhani kaja kubomoa ukuta, na hutakuwa umekosea sana. Huku kwetu Unguja hita haifi kwa waya kuungua wala kwa swichi kulegea. Hugeuka jiwe. Fundi huzima umeme, hufungua mfuniko wa chini, huweka beseni, na kokoto nyeupe humwagika mfululizo mpaka watoto wanakuja kuchagua za kuchezea mdako.

“Hii siyo koili tena,” alisema safari ya mwisho, akinyanyua kitu kilichonenepa kama muhogo. “Hii nguzo.”

Akataja bei. Nikamwambia mbona bei hiyo ya mwashi. “Na kazi yenyewe je?” akajibu, akaendelea kupiga patasi.

Nyumbani kwetu hakuna anasa nyingi, lakini kila kilichoungana na mfereji upande mmoja na umeme upande wa pili kinaishi kwa kudra. Birika la umeme lilipokuwa jipya lilichemka kimyakimya kwa adabu. Sasa linaunguruma toka dakika ya kwanza, linatingisha meza, jirani anapiga hodi kuuliza kama tumeanza kusaga mchele, na chai yenyewe bado. Bomba la mvua bafuni nalo, siku lilipofungwa, maji yake yalikuwa yakianguka chini, jambo ambalo wakati ule nililiona la kawaida. Leo tundu nyingi zimeziba, na zile chache zilizosalia kila moja imejichagulia upande: moja hupiga dari, moja hupiga pazia, moja inanitafuta jicho la kushoto, na moja, yenye nguvu kuwashinda wenziwe wote, hupita juu ya mlango ikalowesha taulo lililotundikwa nje. Anayetaka kuoga ayafuate maji yaliko. Mke wangu ameshapajua pa kusimama. Mimi bado ninarukaruka.

Sababu ya haya yote tunaikanyaga kila siku. Kisiwa hiki kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, viumbe wa baharini waliojenga nyumba zao chini ya maji miaka na dahari kabla ya sisi kuanza kugombania viwanja. Mvua inayopiga bati ni maji laini, hayana kitu. Ikishazama udongoni hukutana na kaboni dayoksaidi inayotolewa na mizizi na majani yanayooza, ikapata ukali mdogo, ukali uleule ulioko ndani ya soda kabla haijatiwa sukari. Haumuumi mtu, lakini jiwe la chokaa unalila, taratibu, bila kelele. Maji yanayofika kisimani kwa hiyo yamebeba kisiwa kilichoyeyuka. Hukioni, wala hukinusi. Yapashe moto sasa: ile gesi inaruka, ukali unakwisha, na jiwe linarudi kuwa jiwe. Tena jiwe hili lina kiburi chake. Sukari na chumvi huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Chokaa hii kadiri maji yanavyochemka ndivyo inavyokataa kuyeyuka. Ndiyo maana haishughuliki na ndoo wala mtungi. Inapita sebuleni, inaacha vyombo vyote vya rahisi, inakwenda kukaa juu ya kile ulichokinunua kwa mkopo.

Wazee wa zamani walilijua jiwe hili kwa njia nyingine. Walilipanga juu ya kuni katika tanuri, wakalichoma siku kadhaa mpaka gesi ikalitoka, likawa chokaa. Wakaitia maji, wakaichanganya na mchanga na udongo, wakajengea. Ukutani chokaa hunywa tena ile gesi kutoka hewani, pole pole ikarudia ujiwe wake. Mji Mkongwe mzima umesimama hivyo, na mwaka 2000 UNESCO wakauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Birika langu limejengwa kwa kitu kilekile na hakuna aliyekuja hata kulipiga picha.

Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, husifiwa mpaka leo kwa kuuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje. Sifa anazistahiki. Ila mimi ningependa zaidi kuwasikia wapishi wake, walipokuwa wakikwangua masufuria.

Barazani kwetu, pale wanapokunywa kahawa, suala hili limezungumzwa kuliko uchaguzi. Rai iliyoshika kwa muda mrefu ilikuwa kwamba haya ni “maji ya chumvi”, basi, na dawa yake ni subira. Aliyeivunja ni shangazi yangu. Alikuwa akisomesha kemia skuli, sasa amestaafu, na wengi wa wanaojiita wazee pale barazani wamepita mikononi mwake, kwa hiyo akitokea na kapu lake kutoka sokoni, karata hufichwa chini ya mkeka.

“Nyinyi mnachanganya mambo mawili,” aliwaambia, kasimama, maana hakai na wanafunzi. “Chumvi ni ya bahari. Chini ya kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Mkivuta kwa pampu kupita kiasi, bahari inapanda, kisima kinaingia chumvi. Hiyo kesi moja. Chokaa ni ya jiwe. Maji yanaweza kuwa matamu, ukayanywa ukashukuru, na bado yakaua birika. Hiyo kesi ya pili. Nani anaweza kurudia nilivyosema?”

Hakuna aliyenyanyua mkono. Muuza kahawa, ambaye hakupata bahati ya kusomeshwa naye, akarudia yote vizuri, pamoja na zile mita 40, huku akitia kahawa vikombeni. Dele lake la shaba ndani limevaa koti nene la kijivu ambalo hataki liguswe. Anasema ladha ya kahawa iko humo. Shangazi alichungulia, akafunga mdomo. Hakuna kanuni ya kemia inayoshinda dele la mtu.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwembamba, mwenye kofia ya kazi nzuri, aliyekuwa amepunguza kunywa maji kabisa. Hoja yake ilionekana haina ufa: kama maji haya yanafanya mawe birikani, yatashindwaje kufanya mawe kwenye figo? Akawa anaishi kwa kahawa na mate. Shangazi akamweleza kwamba mawe ya figo mengi ni kalisi iliyoungana na oksaleti, siyo huu ukoko wa birika. Kwamba figo haichemki. Kwamba Shirika la Afya Duniani halikuweka hata kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, kwa vile kalisi na magnesi ni vitu mwili unavihitaji. Na kwamba jambo linalojulikana wazi kuita mawe kwenye figo ni mtu kutokunywa maji ya kutosha. Mzee alifikiri kwa muda. Kisha akaomba maji, akaletewa gilasi, akaitazama kwenye mwanga, akauliza kama haiwezekani yakachujwa kidogo.

Nyumbani Shangazi alitufanyia jaribio. Alichukua chupa mbili za plastiki, moja akaijaza maji ya mfereji, moja maji ya mvua tuliyokinga Masika, akatia kila moja kipande kidogo cha sabuni ya mche, akazitikisa. Ya mvua ilijaa povu hadi shingoni. Ya mfereji ilitoa utando wa rangi ya maziwa yaliyopoa, ukaelea, na povu hapana. Sabuni, alisema, badala ya kuchukua uchafu inaungana na kalisi. Mpaka kalisi yote ishibe ndipo nguo zifikiriwe. Sabuni za unga za siku hizi zinastahimili zaidi, lakini nazo zinakubali yaishe. Ndiyo maana pakiti zinazotoka Ulaya zina jedwali: maji laini sabuni kidogo, maji magumu ongeza. Wataalamu huyahesabu maji kuwa laini yakiwa chini ya miligramu 60 za chokaa kwa lita. Kutoka 120 ni magumu. Yakivuka 180 ni magumu sana, na ngazi inaishia hapo, hakuna daraja la juu zaidi. Wamekata tamaa.

“Tuseme maji yako yana miligramu 200,” akaniandikia nyuma ya risiti ya umeme, “na kwa siku mnachemsha lita tano. Hiyo gramu moja. Kwa mwaka?”

“Gramu 365.”

“Haya. Siyo yote itaganda, nyingine mtainywa. Lakini usishangae tena.”

Sikushangaa. Nilitazama meza ya jikoni nikafikiria theluthi ya kilo ya jiwe ikipita pale kila mwaka na sisi tukiitilia tangawizi.

Lililoniuma zaidi ni pasi. Tulinunua pasi ya mvuke, ya kwanza katika ukoo, na kwa muda mrefu tuliiona haina kosa. Kanzu zangu zilitoka zimenyooka, zinang'aa, kila Ijumaa. Hatukujua kwamba ile pasi ilikuwa ikikohoa. Ilikuwa inakohoa chokaa nyeupe juu ya kanzu nyeupe, mimi nikiendelea kwenda msikitini nimepakwa kama ukuta, na hakuna aliyeona.

Siku ya harusi ya binamu yangu, mke wangu akapiga pasi baibui jipya. Jeusi, la kitambaa kizito, lenye kazi kidogo mikononi. Alipofika mgongoni akabonyeza kile kitufe cha mvuke mwingi. Pasi ikavuta pumzi, ikapiga chafya, na baibui likajaa nukta toka bega hadi pindo. Akazipangusa, zikasambaa. Akatia maji, zikakauka zikawa nyingi zaidi, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa ya mfereji. Gari linapiga honi nje. Akalivaa hivyohivyo, kashika uso wa mtu ambaye kila kitu amekikusudia.

Ukumbini wifi yake mmoja alimzunguka mara mbili, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akamuuliza kile chenye nyota kakipata duka gani, Darajani?

“Hapana, wifi,” mke wangu akasema. “Kimetoka Dubai.”

Toka siku hiyo pasi inatiliwa maji ya mvua. Yana dumu lake, limeandikwa, limefungiwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Penye tatizo hapakosi muuzaji. Kijana alikuja asubuhi moja, shati jeupe lisilo na doa, jambo lililonifanya nimshuku kuwa haishi mtaani kwetu. Anauza mashine ya kusafisha maji. Hakutaka maneno mengi, alisema. Macho yetu ndiyo yatakuwa mashahidi. Akaomba gilasi mbili. Moja akaijaza maji ya mfereji wetu, ya pili maji aliyokuja nayo kwenye chupa, “yaliyopita mashineni”. Akachomeka umeme kijidude chenye vijiti vya chuma, akavitumbukiza ndani ya gilasi zote mbili, akakunja mikono. Maji ya chupa yake yalitulia, meupe. Ya kwetu yakaanza kuwa manjano, kisha kahawia, kisha yakatoa matope ya kijani yaliyopanda juu na kuelea. Mtoto wangu mdogo akaanza kulia. Mke wangu alikuwa keshafika kwenye bei ya awali na malipo ya kila mwezi.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Akaweka ungo chini, akaenda jikoni, akarudi na chumvi kwenye ncha za vidole.

“Mwanangu, hayo maji yako masafi nakunywa?”

“Kunywa, mama, masafi kabisa.”

Akanywa funda moja. Akashukuru. Kisha akayatia ile chumvi, akakoroga kwa kidole, akamwomba kijana avitumbukize tena vijiti vyake. Baada ya muda mfupi gilasi ya kijana ilikuwa na matope kuzidi ya kwetu.

Akatueleza, kwa upole, bila kumwangalia kijana usoni ili asimvunjie heshima. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme, kwa hiyo vijiti havifanyi kitu. Yenye madini yanapitisha, na umeme ukipita ndio unaokila kile chuma. Ile rangi ni kutu ya vijiti vyenyewe. Matope yalikuja na kijana mfukoni mwake. Akaongeza kwamba mashine za kweli za kulainisha maji zipo, zina chembechembe zinazokamata kalisi na kuachia sodiamu mahali pake, na chembe hizo zikichoka huoshwa kwa maji ya chumvi ya mezani. Na kwamba chujio la kawaida lenye mshumaa wa udongo linazuia tope, lakini chokaa iliyoyeyuka inapita humo bila hata kubisha hodi.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta vijiti vyake, akavifunga kwenye kitambaa. Mlangoni aligeuka, akauliza kama mwalimu angependa kufanya kazi ya mauzo, asilimia ni nzuri.

Tukaishi hivyo, kwa ndimu na siki, mpaka mama mkwe wangu alipokuja kututembelea.

Ametoka Mwanza. Lazima mfahamu maana ya hilo. Ziwa Victoria sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, linayapata moja kwa moja kutoka mawinguni, hayakupita kwenye jiwe lolote la chokaa. Mwanza sabuni inatoa povu kwa kutishiwa tu. Mama ana birika alilolinunua mabinti zake wakiwa wadogo na ukilichungulia ndani unajiona sura. Mtu wa maji ya namna hiyo ukimleta Unguja, kwanza atadhani amedhulumiwa dukani.

“Sabuni ya huku feki,” alitangaza siku ya pili, mikono ndani ya beseni. Akamtuma mjukuu kununua ya aina nyingine. Nayo feki. Kufika mwisho wa wiki sabuni zote za kisiwa zilikuwa feki na mimi nilikuwa nimekubali zote, kwa kuwa mkwe hasahihishwi. Kuna mambo mtu anaweza kubishana na mama yake mzazi, na mwenye nyumba, hata na trafiki. Mama wa mke wako akisema jua ni bichi, unauliza liongezwe kuni.

Ikaja zamu ya maharage. Aliyaweka jikoni baada ya sala ya adhuhuri, akategemea kuyaunga alasiri. Magharibi yalikuwa bado yanagongana sufuriani. Mama akasema ni ya mwaka juzi, muuzaji kamwibia mwanawe. Na kweli maharage yaliyokaa sana huwa magumu, kwa hiyo sikusema uongo nilipoitikia. Lakini Shangazi, ambaye mama mkwe si mkwe wake, alimwambia wazi.

“Dada, haya maji yana kalisi. Inashikana na ile gundi iliyoko kwenye maganda na ndani ya punje, inaikaza, inakataa kulainika. Loweka kwa maji ya mvua, au tia magadi kidogo.”

Mama alimtazama. “Kwa hiyo maji yanafanya vitu viwe vigumu?”

“Ndiyo, dada.”

“Basi mimi nilidhani maji kazi yake kulainisha.”

Shangazi alikosa jibu. Nimeishi naye miaka yote hiyo sijapata kuona jambo kama lile. Maharage tuliyala usiku wa manane, yakiwa na magadi, na walielewana vizuri kuanzia hapo. Wakawa wanakaa ukumbini wakimsema fundi.

Chai pia haikumpendeza. Chai ya rangi kwa maji yetu ikikaa kidogo hupata utando juu, wenye mng'ao, unapasuka vipande ukiutikisa; ni kalisi na vitu vya majani ya chai vimeshikana. Ukikamua ndimu utando hauji. Ndiyo sababu sisi wenyeji tunaipenda chai ya ndimu na tunadhani ni kwa ajili ya ladha. Mama hakutaka ndimu. Yeye chai kwake ni ya maziwa, na maziwa tunaletewa na kijana wa baiskeli, mazito, anayapima mbele ya macho yako.

Usiku mmoja birika lilikuwa limefika mwisho wa uvumilivu. Mke wangu akalijaza siki na maji, nusu kwa nusu, akaliacha liloweke mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo tiba: siki inaukuta ukoko, inaachia ile gesi ya zamani, utasikia linanong'ona, na kufikia alfajiri kisiwa kimeyeyuka tena. Akabandika karatasi: USITUMIE. Herufi kubwa kabisa.

Mama huamka kabla ya adhana. Miwani yake huamka baadaye.

Nilipotoka msikitini meza ilikuwa imeandaliwa. Chapati, mayai, na vikombe vinatoa moshi. Alikuwa amelichemsha birika lilivyo, akatia majani, akatia iliki, akamiminia maziwa. Maziwa yalipokutana na siki yalifanya kila ambacho maziwa hufanya yakikutana na siki. Katika kikombe changu kulikuwa na maji ya rangi ya kutu na juu yake mabonge meupe, na harufu iliyofanya macho yangu yalengelenge kabla sijakaa.

“Baba, kunywa chai. Itapoa.”

“Ahsante, mama.”

Nikanywa. Mke wangu aliingia, akaliona birika, akaniona mimi, akakaa taratibu akavuta kikombe chake. Nilishukuru kwa hilo. Ndoa ni mambo kama hayo. Mtoto mkubwa alionja, akapaza sauti, “Bibi, chai ina achari!” na mama yake akambana mguu chini ya meza. Tuliendelea. Mama mwenyewe alipiga funda, akatafuna kidogo, akaweka kikombe chini.

“Maziwa haya,” alisema, “yule kijana ametuuzia maziwa mabovu.”

Hapo ndipo pangetakiwa mtu aseme neno. Lakini aseme nini? Kwamba mama kapika siki? Mke wangu alitazama chapati. Mimi nilitazama birika, na kwa kweli ndani lilikuwa linang'aa vizuri sana.

Kengele ya baiskeli ikalia nje, mama akatoka na kikombe mkononi. Tukamfuata nyuma. Alimsimamisha kijana katikati ya njia, akamwonesha mabonge, akamuuliza kama kwao anakotoka wana mama. Kijana alitazama, akanusa, akaapa. Akafungua dumu, akamtilia maziwa kwenye kifuniko, mama akaonja: yalikuwa mazuri. Wote wawili wakasimama wakifikiri.

“Bibi,” kijana akasema hatimaye, “si maziwa. Hii nyumba maji yao. Huku maji yanaharibu kila kitu.”

Mama akageuka kunitazama mimi, kuuliza kama ndivyo. Nikaitikia. Kijana kwa kumheshimu bibi mgeni akampimia nusu lita ya bure, tukaipokea.

Jioni mke wangu alimtegea njiani ampe pesa yake. Kijana alikataa kabisa. Alisema habari ya maji yanayogandisha maziwa ameieleza kila nyumba aliyopita, watu wote wameikubali, na imemsaidia sana, maana kulikuwa na maziwa ya juzi ambayo hakujua angeyamaliza vipi.